Kabla Hujashusha Gari, Pima Njia ya Matema

Mara ya kwanza nilipofunga koilova kwenye Altezza yangu, nilizifunga kama nilivyoziona kwenye picha kutoka Japani: gari chini kabisa, tairi zimemezwa na fenda, hata vidole viwili havipiti katikati. Mjini Mbeya lilipendeza. Jumamosi moja nikateremka nalo Tukuyu, nikapita Kyela, nikaenda kuliegesha Matema na kupanda mtumbwi kwenda Ikombe kumwona mama yangu mdogo. Ikombe iko chini ya milima ya Livingstone, ukingoni kabisa mwa Ziwa Nyasa, na kwa miaka mingi njia yake imekuwa maji au miguu. Nilirudi na vyungu sita vya Wakisi, vimefungwa kwa majani makavu, kila kimoja kimekaa ndani ya kingine. Nilipofungua buti Uyole, vizima vilikuwa viwili.

Nilimpigia simu mama mdogo kumweleza. Akaniuliza, "Mwanangu, vilivunjika mtumbwini?" Nikamjibu, "Hapana, mama. Mtumbwini vilikuja salama. Vimevunjikia kwenye gari." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hilo gari lina shida kwenye miguu."

Alisema kweli, na alitumia neno lile lile la mafundi wetu. Miguu ya gari ndiyo shokapu, springi, bushi, boljointi na mikono yote inayoshika tairi. Tangu siku hiyo nimeibadilisha miguu ya gari hilo mara kadhaa, nimewasaidia vijana wengine wenye Impreza, Mark X na Altezza, na makala haya ni ya yeyote anayetaka kufunga koilova huku akijua kwamba gari hilo hilo litampeleka nyumbani Kyela wakati wa masika.

Koilova ni shokapu na springi vilivyoundwa kuwa kitu kimoja. Mwili wa shokapu umechongwa hesi kama boliti, na sahani inayobeba springi inapanda na kushuka kwenye hesi hizo kwa kuzungushwa. Ukizungusha, gari linapanda au linashuka. Nyingi zina pia kitasa kidogo cha kuongeza au kupunguza ugumu wa shokapu. Kwa sababu hizo mbili watu wanazinunua, na kwa sehemu kubwa wanazitumia kwa kazi moja tu, kushusha. Mimi nawaambia kwamba hesi zile zinazunguka pande zote mbili. Kwenye barabara zetu, thamani ya koilova ni uwezo wa kupata kimo na ugumu unaofaa bila kubahatisha, na mara nyingi jibu sahihi liko juu ya pale kiwanda kilipoliweka gari, wala si chini yake.

Magari mengi ya Kijapani yaliyotumika huja na koilova tayari, zimefungwa na mwenyewe wa kwanza kule. Muuzaji atakuambia gari "limekuja nazo", kana kwamba ni zawadi. Zikague kwanza. Tazama kama mafuta yamevuja kwenye ncha ya shokapu, jaribu kuzungusha sahani za springi, bonyeza kila pembe ya gari uone kama inarudi taratibu au inadunda. Ukikuta hesi zimeshikana kwa kutu na shokapu limelowa, ulichopewa ni bili. Kumbuka pia kwamba springi hizo zilichaguliwa kwa ajili ya lami laini ya Japani, pengine ya uwanja wa mbio. Hazikuchaguliwa kwa ajili ya matuta na rasta za Uyole mpaka Kasumulu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kila kijana alielewe kabla hajatoa pesa, maana ndilo lililovunja vyungu vyangu. Ni mwendo wa tairi, yaani umbali ambao tairi linaweza kupanda na kushuka kabla shokapu halijafika mwisho wake.

Chukua Impreza yenye kilo 1,350 hivi. Kwa kuwa injini iko mbele, kila tairi la mbele linabeba takriban kilo 370. Toa uzito wa tairi lenyewe, rimu, breki na habu, vitu ambavyo havikai juu ya springi, tuseme kilo 40. Springi inabeba kilo 330. Ukifunga springi ya kilo 8 kwa milimita, yaani inayohitaji kilo 8 kubonyea milimita moja, gari likisimama springi itakuwa imebonyea milimita 41 tu. Ukifunga ya kilo 4, itabonyea milimita 82 au 83. Namba hizo si za kuongeza raha tu. Ndizo zinazosema tairi linaweza kushuka kiasi gani likikutana na shimo. Lenye springi ngumu linashuka sentimita 4 kisha shokapu linafika mwisho wa kujivuta; tairi linaning'inia hewani, halafu linagonga ukingo wa pili wa shimo kwa uzito wote wa gari. Pigo hilo unalisikia kwenye usukani, rimu inalipata, na chungu kilichoko kwenye buti kinalipata zaidi.

Upande wa kupanda nao una hesabu yake. Ukishusha gari sentimita 5 kwa kuteremsha sahani ya springi, umekula sentimita 5 za mwendo wa kubonyea. Kinachobaki kinaishia kwenye raba ya kuzuia, na gari likishakaa juu ya raba hiyo, halina springi tena. Watu huliita gari la namna hiyo "gumu". Kwa kweli limeishiwa.

Waliolijua hili mapema ni madereva wa Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalikwenda kwenye barabara za kawaida za vumbi na tope. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404. Lilikuwa gari la kifamilia lenye springi laini na mwendo mrefu wa miguu. Na hata Subaru Impreza aliyoshindia Colin McRae mwaka 1997, gari la mashindano la kisasa kwa wakati wake, ilikuwa imeinuliwa, ikaimarishwa chini, ikapewa miguu mirefu. Mtu akikuambia gari la mbio lazima liwe chini, mwambie atazame picha za gari hilo.

Kwa hiyo ukinunua, uliza mambo mawili kabla ya kuuliza bei. La kwanza: je, kimo kinarekebishwa kwa sahani ya springi peke yake, au shokapu lina kikombe cha chini kinachozunguka kwenye hesi zake? Aina ya pili ni ghali zaidi, lakini inakuruhusu kupandisha au kushusha gari bila kugusa springi, na mwendo wa shokapu unabaki ule ule. Kwa aina ya kwanza, kila unapopandisha unapunguza nafasi ya tairi kushuka, na kila unaposhusha unapunguza nafasi ya kupanda. La pili: springi ina ugumu wa kilo ngapi kwa milimita, mbele na nyuma? Muuzaji asiyejua jibu hajui anachouza.

Namba ya springi haitafsiriki sawa kwa kila gari. Kwenye Subaru ya shokapu la kusimama lililoshika habu moja kwa moja, springi inapata karibu mwendo wote wa tairi. Kwenye Altezza, ambayo ina mikono miwili juu na chini, shokapu la mbele linashika mkono wa chini kabla haujafika kwenye habu, kwa hiyo tairi likienda sentimita 10 springi inaenda pungufu, tuseme sentimita 7. Ugumu unaofika kwenye tairi unapungua kwa 0.7 mara 0.7. Springi ya kilo 8 hapo inakuwa kama kilo 3.9 kwenye tairi. Ndiyo maana rafiki mwenye Altezza anaweza kusifia springi za kilo 8, nawe ukizifunga kwenye Impreza ukatamani kuliuza gari. Kwa njia zetu, kwenye Subaru mimi sivuki kilo 5 mbele, na nyuma naweka pungufu kidogo. Kwenye Altezza naweza kufika 8 mbele.

Kabla ya kufunga, kagua vile ambavyo koilova haitibu. Bushi zilizopasuka, linki za stabilaiza zinazogonga, boljointi zilizolegea. Boljointi za chini za Altezza hasa huchoka, na moja ikiachia, tairi linalala ukiwa kwenye mwendo. Pesa ya koilova isipotosha vyote viwili, anza na boljointi.

Kisha pima. Gari likiwa mahali tambarare, upepo wa tairi ukiwa sawa, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi iliyoisha au iliyopungua upepo itakudanganya. Vipimo hivyo vya kiwandani ndivyo utakavyorudia kila unapopotea, nami bado ninavyo kwenye daftari la kwanza.

Kazi yenyewe ya kufunga haihitaji gereji kubwa, inahitaji utulivu. Weka mawe au kabari kwenye tairi zinazobaki chini, inua kwa jeki, kisha kalisha gari kwenye stendi za chuma. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililokalia matofali. Fungua kishikio cha waya wa ABS na cha bomba la breki, toa linki ya stabilaiza, na habu uitegeshe kwa waya au kipande cha mbao isining'inie kwenye bomba la breki. Kwenye Subaru boliti ya juu inayoshika shokapu la mbele kwenye habu ina kichwa chenye alama; inarekebisha mlalo wa tairi. Ichore kwa rangi kabla hujaifungua, urudishe pale pale. Kisha legeza boliti za chini, na mwisho nati tatu za juu ndani ya boneti.

Kuna nati ya nne katikati ya hizo tatu. Hiyo usiiguse. Inashikilia springi iliyobanwa kwa mamia ya kilo, na ukiifungua bila kibano cha springi, sahani inaruka na springi inatoka kama risasi. Kama unahamishia maunti za zamani kwenye shokapu jipya, tafuta kibano kizima chenye ndoana zinazoshika vizuri, bana springi pande zote mbili kwa zamu, na kichwa chako kisiwe juu yake hata kidogo.

Ukishapachika mpya, usikaze boliti za bushi za mikono gari likiwa hewani. Hili mafundi wengi wanalipuuza. Bushi ya mpira inajipinda tairi linapopanda na kushuka. Ukiikaza ikiwa tairi linaning'inia, gari likikaa chini mpira unabaki umejipinda daima, unapasuka mapema, na gari linakaa juu kwa uongo. Kaza kidogo, teremsha gari, lisukume mbele na nyuma, libonyeze, kisha ukaze kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, kwa spana ya kipimo.

Sahani na kikombe cha chini vina pete za kukaza. Zikaze kwa spana zake za ndoana, bila kugonga kwa nyundo. Kabla ya kukaza, safisha hesi kwa brashi, paka grisi nyepesi.

Sasa kimo. Lala chini utazame mkono wa chini wa tairi la mbele. Kama mkono unainama kwenda chini kutoka kwenye chesisi kuelekea tairi, uko salama. Kama uko sawa na ardhi, umefika mpaka. Kama unapanda kuelekea tairi, umeshusha kupita kiasi, na kwenye gari lenye shokapu la kusimama, kama Impreza, jambo la ajabu linatokea: gari liko chini, lakini kwenye kona linalala zaidi kuliko lilivyokuwa juu, kwa sababu umeharibu mahali linapozungukia. Hapo mtu huongeza springi ngumu kutibu alichokiharibu kwa kushusha.

Kwa anayekwenda Kyela mara kwa mara, mimi nashauri kimo cha kiwandani au milimita 10 hadi 20 juu yake. Na pima ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Gari linalopanda kutoka Kyela likiwa na gunia la mchele kwenye buti na watu watatu siyo gari ulilolipima tupu gerejini. Nyuma hushuka, taa hupanda na kuwachoma macho wanaokuja, na tairi za mbele hupoteza mshiko kidogo. Panga nyuma iwe juu kidogo ikiwa tupu, ili ikibeba iwe sawa, kisha urekebishe taa.

Wengi wanaamini kwamba kubana springi zaidi kwa sahani kunaifanya springi iwe ngumu. Siyo. Springi ya kawaida ya kilo 4 kwa milimita inabaki ya kilo 4 hata ukiibana. Unachofanya ni kupandisha gari na kupunguza nafasi ya tairi kushuka. Ibane tu kiasi kwamba isilegee wala isigeuke gari linapoinuliwa kwa jeki.

Kuhusu ugumu wa shokapu, njia yetu yenyewe ndiyo kipimo bora, sijaona nyingine inayoizidi. Kutoka Uyole unapanda kwenye baridi ya Isongole, unateremka kwa kona nyingi kupitia Tukuyu katikati ya migomba na chai, hadi tambarare ya Kyela yenye joto, karibu mita 500 tu juu ya bahari, kisha lami ya Kikusya, Ipinda hadi Matema. Ndani ya asubuhi moja unapata mteremko wa breki nyingi, kona, matuta ya kila kijiji, na ukiingia barabara za ndani, changarawe na tope.

Zungusha kitasa kulia bila kulazimisha mpaka kiishie. Hiyo iite sifuri, gumu kabisa. Rudi kushoto ukihesabu kila mlio mpaka laini kabisa, uandike jumla. Anza katikati, pande zote sawa. Endesha angalau kilomita 20 kabla hujaamua lolote, kwa sababu mafuta ya shokapu yakiwa baridi ni mazito. Gari linaloonekana gumu Isongole saa kumi na mbili asubuhi linaweza kuwa sawa kabisa Kyela saa sita mchana. Hata upepo wa tairi utakuwa umepanda.

Halafu chagua kipande kimoja cha barabara, mwendo mmoja, mzigo mmoja, ukirudie. Ukivuka tuta na pua ya gari ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, ongeza ugumu mlio mmoja au miwili. Ukipita juu ya rasta na meno yakagongana, wakati springi zako ni laini, punguza. Kwenye changarawe yenye vijituta vya mfululizo kuna ugonjwa unaowapotosha wengi: gari linazidi kuwa gumu kadiri unavyokwenda, kana kwamba linazama. Hapo shokapu ni gumu mno katika kurudi. Springi haipati muda wa kujinyoosha kabla ya kituta kinachofuata, na kila pigo linalizamisha zaidi. Dawa ni kulegeza, ingawa mkono unatamani kukaza. Badilisha mbele au nyuma peke yake, siyo vyote pamoja, na usizidi milio miwili kwa safari moja. Pua ikizama sana ukikanyaga breki kwenye mteremko wa Tukuyu, ongeza mbele kidogo tu, kisha ujaribu tena kwenye rasta kuona kama umelipia gharama ambayo hutaki.

Springi mpya hukaa. Baada ya wiki moja au kilomita 100 hivi pima tena habu hadi fenda, sawazisha, kagua kila nati, kisha ndipo uende kupiga wili alaimenti. Ukiipiga kabla, unalipa mara mbili. Usiiache kabisa kwa kuwa usukani uko sawa. Ukibadilisha kimo, tairi hubadili mwelekeo kidogo, usukani unaweza kubaki umenyooka huku tairi zinaliwa ndani, na utajua siku utakapoona nyuzi.

Maji ya Ziwa Nyasa ni matamu, hayana chumvi inayokula chuma kama Dar es Salaam au Tanga. Adui wetu huku ni tope na mchanga. Kuanzia Novemba hadi Mei tope la Kyela linajaa kwenye hesi, linakauka, na ukizungusha sahani bila kulitoa, unasaga hesi za alumini. Osha kwa maji na brashi kila unaporudi, funika hesi kwa soksi ya mpira au kava la vumbi, na mara mbili kwa mwaka zungusha kila pete kidogo na kuirudisha isije ikashikana. Mchanga wa ufukweni Matema nao unaingia kwenye sili za shokapu; egesha juu, penye nyasi.

Sasa hivi Altezza yangu iko milimita 15 juu ya kimo cha kiwandani, springi za kilo 7 mbele, shokapu milio 11 kutoka gumu mbele na 13 nyuma. Jumamosi iliyopita nilinunua vyungu kwenye soko la Lyulilo, karibu na Matema, vinane safari hii, pamoja na gunia la mchele. Nilipofika Uyole nilifungua buti, nikavigonga kimoja kimoja kwa kidole nikisikiliza sauti, kama mama mdogo alivyonifundisha kutafuta ufa. Vyote vililia vizuri. Kwenye daftari nimeandika kwamba nyuma bado inadunda mara moja baada ya matuta ya Ipinda. Safari ijayo nitajaribu 12.